Milioni tisa za halmashauri na mbalamwezi ya Ziwa Tanganyika

Aprili 2025 tulilipa rejesho la mwisho la mkopo wetu wa halmashauri, shilingi laki nne. Mweka hazina wetu alirudi kutoka kwa wakala wa benki ameishika risiti kwa vidole viwili, hakutaka hata kuikunja. Mama aliye mtu mzima kuliko sote kikundini aliiomba aione, ingawa hajui kusoma. Akaishika, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Basi sasa nitalala." Tulianza wanawake tisa. Siku hiyo tulikuwa saba.

Naandika haya kwa sababu tangu mikopo ya halmashauri irudi, hakipiti kipindi kirefu bila mtu kunipigia au kunisimamisha mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia: "Dada, nyinyi mlipataje? Tuanzie wapi?" Huwa najibu kwa haraka nikiwa nageuza dagaa, nikifika nyumbani naona nusu ya mambo sikuyasema. Na mengi ninayoyasahau ni yale yaliyotuumiza.

Kwa asiyeujua mkopo wenyewe: kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi. Asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ukipewa milioni tisa unarudisha milioni tisa. Hawakudai hati ya nyumba wala shamba. Dhamana ni nyinyi wenyewe, na mstari huo kwenye mkataba sisi tuliupita kama vile haukuandikwa. Maana yake ni kwamba mwenzako akikimbia, deni lake ni lako.

Sisi ni wakaushaji wa dagaa, huku mwambao wa Kigoma. Mitumbwi ikirudi alfajiri tunanunua dagaa wabichi kwa beseni, tunaanika, tunauza wakavu kwa wachuuzi wanaopeleka Dar es Salaam na kwingine. Miaka yote tulikuwa tunaanika mchangani. Dagaa wa mchangani ukimtafuna unasikia mchanga kwenye meno, na mnunuzi anajua, kwa hiyo anakupunja bei kabla hujafungua mdomo. Tulitaka chanja, yaani zile meza ndefu za miti na waya zinazomwinua dagaa juu ya ardhi, hewa ipite chini yake. Ndilo lilikuwa wazo letu zima, na lilikuwa wazo zuri. Hata leo nalisimamia.

Kikundi tulikianzisha mwaka 2022. Kanuni inataka wanawake wasiopungua watano. Sisi tuliokuwa tunaaminiana tulikuwa watano, tungeweza kuishia hapo. Tukaongeza wanne kwa kudhani kikundi kikubwa kitapewa pesa nyingi. Wale wanne tuliwajua kwa sura na salamu. Hatukuwahi kucheza nao upatu wala kuwaona wakidaiwa. Nikiambiwa leo nianze upya, ningekaa na watu mwaka mzima kwenye kikoba cha elfu mbili mbili za hisa kabla ya kusaini nao karatasi yoyote ya serikali. Mtu anayechelewesha elfu mbili Jumamosi na kuja na hadithi, huyo atachelewesha laki moja.

Kabla ya kupata hata shilingi, tulitumia kama laki tatu. Kuchapisha katiba, mhuri, picha, kianzio cha akaunti, nauli za bodaboda kwenda na kurudi mara saba. Fomu yenyewe hatukuinunua, haiuzwi, na anayekuuzia fomu mkimbie. Pesa iliyoniuma ni laki moja na nusu tuliyompa kijana mmoja mjini atuandikie andiko la mradi. Alitupa kitabu kizuri, kina jalada la plastiki. Tukakipeleka. Afisa maendeleo ya jamii akakifungua mbele yetu, akafika ukurasa wa tatu, akanisomea: "Kikundi kitafuga kuku wa kienyeji mia mbili." Halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, hao kuku wako wapi?" Nilitamani ardhi inimeze. Yule kijana alikuwa amechukua andiko la watu wengine akabadilisha jina la kikundi tu.

Andiko la pili tuliliandika wenyewe. Tulikaa juu ya turubai mwaloni jioni mbili, daftari la mwanangu la shule mapajani. Beseni moja la dagaa wabichi tunanunuaje giza likiwa zuri, yaani usiku usio na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa wingi, na tunanunuaje dagaa wakiwa adimu? Tulipima kwa mizani ya kuazima: kilo tatu na nusu mpaka nne za wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu. Miaka kumi na zaidi nilikuwa sijawahi kuipima hesabu hiyo. Siku hiyo niligundua kuna majuma niliyokuwa nauza kwa hasara nikidhani nimepata faida kwa sababu tu nimeshika noti. Lile andiko lilikuwa kurasa sita za mwandiko wa mkono, tukachapisha kwa elfu nane. Ndilo lililopita. Afisa alipokuja kutukagua aliuliza maswali, na kila mmoja wetu, hata yule mama asiyesoma, alijibu, maana hesabu zilitoka vichwani mwetu.

Tuliomba milioni kumi na tano. Februari 2023 zikaingia milioni tisa.

Hapa nataka kusema taratibu. Mkipewa pungufu ya mlichoomba, rudini kukaa chini kabla ya kugusa hata senti. Mpango wa milioni kumi na tano haupunguzwi kwa kukata kila kitu kidogo kidogo. Sisi hatukukaa. Tulikuwa na furaha, watu walikuwa wanatupongeza njiani. Na kwenye kikao cha kwanza mmoja akasema tumehangaika miezi mingi, tumetumia nauli, watoto wamelala njaa tukiwa kwenye vikao, kwa nini kila mtu asichukue laki mbili za jasho, tutazirudisha kutoka kwenye faida. Niliinua mkono na mimi. Sitamsingizia mtu. Laki mbili mara tisa ni milioni moja na laki nane, na ziliondoka siku ile ile. Zangu zilikwenda kwenye bati za jikoni. Hizo ndizo pesa tulizozikosa kila ilipofika tarehe ya rejesho, na hakuna aliyewahi kuzirudisha kutoka kwenye faida yoyote.

Zilibaki milioni saba na laki mbili. Chanja kumi zilikula milioni mbili na laki nane. Turubai, mizani na mifuko, laki tisa. Kukarabati banda la kuhifadhia, laki tano. Milioni tatu zikawa za kununulia dagaa.

Kwenye chanja nako tulikosea. Fundi alitushauri tuweke waya wa mabanda ya kuku, ni rahisi na upo kila duka. Asubuhi ya kwanza tulimwaga dagaa, tukasambaza kwa viganja kama kawaida, tukashangilia wanavyong'aa juu ya meza. Kufika saa nne jua limewakausha wamesinyaa, wanapita kwenye matundu ya waya mmoja mmoja, chini ya chanja pamekuwa peupe kama kuna chanja nyingine. Tulipiga magoti tukawaokota mchangani, kule kule tulikokuwa tunakimbia. Ikabidi kununua wavu wa matundu madogo tuutandaze juu ya waya. Jengeni chanja moja kwanza, ianikieni juma zima, ndipo mjenge za tisa zilizobaki.

Halafu ikaja mvua. Tulipata pesa Februari na tukaanza kununua kwa pupa Machi, masika imekolea. Siku tatu mfululizo jua halikutoka. Tulikuwa tumenunua mzigo mkubwa siku moja kabla, tukaufunika kwa turubai, tukaufunua, tukaufunika. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha. Siku ya pili wakaanza kugeuka njano tumboni, siku ya tatu wakawa wekundu na harufu inakupiga tangu barabarani. Tukawauza kwa mfugaji kama chakula cha kuku. Hasara ile ilikuwa shilingi 640,000. Usiku ule sikumwambia mume wangu. Nilikaa nje hadi alipolala.

Kama mnakopa kwa ajili ya dagaa, muhogo au chochote kinachotegemea jua, pesa ikiingia masika msione aibu kuiacha benki ikasubiri. Tulidhani pesa ya serikali ikikaa kwenye akaunti tutaonekana hatuna kazi nayo.

Mkataba wetu ulitupa miezi mitatu ya kupumua, kisha laki tano kila mwisho wa mwezi kwa miezi kumi na minane, kuanzia Mei 2023. Lakini Aprili ile ile serikali ilitangaza kusitisha utoaji wa mikopo ya asilimia kumi ili utaratibu mzima uangaliwe upya. Redioni ilisemwa wazi: kusitisha utoaji. Mwaloni ikafika kwa sura nyingine. "Mikopo imefutwa. Anayelipa sasa anajipendekeza." Wenzetu wawili wakasema hawatoi kitu, na sisi tuliobaki, niseme kweli, tulitaka kuamini. Mei hatukulipa. Juni hatukulipa.

Julai mwanzoni ililetwa barua na mtendaji wa kijiji, majina yetu tisa yameorodheshwa, inataka tufike kujieleza, isipokuwa hivyo hatua za kisheria zitafuata. Mmoja wetu alikuwa na mtoto mchanga. Aliposikia neno mahakama alitetemeka hadi tukamchukua mtoto mikononi mwake. Siku iliyofuata yule mwenzetu aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba deni limefutwa hakuonekana. Alikuwa amevuka ziwa kwa ndugu zake upande wa Kongo. Laki mbili zake za jasho alikwenda nazo, na deni lake tukagawana sisi.

Tulikwenda kujieleza wanane. Nilitegemea kelele. Tulipewa viti, tukaulizwa tuna daftari la mauzo. Tulikuwa nalo, chafu, lina mafuta ya dagaa, lakini tarehe zipo. Hilo daftari ndilo lililotusitiri. Julai tukaanza kulipa, na tangu hapo mpaka Aprili 2024 hatukuruka mwezi: marejesho kumi, milioni tano, tukiwa nyuma kwa miezi miwili ile ya ujinga.

Lakini hata hiyo miezi kumi haikwenda vizuri kama inavyosikika. Uvuvi wa dagaa ni wa taa. Samaki wanafuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu na mitumbwi inalala ufukweni wiki nzima au zaidi. Kila mtu wa ziwani anajua giza na mbalamwezi. Mkataba haujui. Tarehe thelathini ni tarehe thelathini, na mara nyingine ilituangukia katikati ya mbalamwezi, hakuna dagaa, hakuna mauzo, mfukoni hamna kitu. Mara mbili tulikopa kwa mtu binafsi kwa riba ya asilimia ishirini ili kulipa mkopo usio na riba. Mkisikia mtu anasema mkopo wa halmashauri ni wa bure, muulizeni alilipa rejesho lake kwa pesa gani.

Kilichotuokoa ni sanduku. Tulinunua sanduku la bati la kufuli tatu, kama la kikoba, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kila siku ya mauzo, kabla pesa haijahesabiwa faida, kabla hata ya chai, sehemu moja kati ya kumi ya mauzo inaingia mle. Giza likiwa zuri sanduku linajaa, mbalamwezi ikija lipo. Ningeweza kuomba tangu mwanzo, kabla ya kusaini, tarehe na viwango vifuate msimu. Sikujua kwamba mtu anaruhusiwa hata kuomba. Inaruhusiwa kuomba. Ukikataliwa hujapoteza kitu.

Jambo lingine dogo lililokaribia kutugharimu laki tano: risiti. Zile karatasi za mashine ya wakala zinafifia. Mwanzoni mwa 2024 tuliambiwa rejesho la Novemba halionekani kwenye vitabu. Mweka hazina akatoa risiti kwenye mfuko wa nailoni alikozihifadhi kwa uangalifu wote, na ile ya Novemba ilikuwa nyeupe, imebaki nembo tu kwa mbali. Alilia palepale. Tulisafiri hadi benki, tukaomba taarifa ya akaunti, tukaipeleka ofisini, na rejesho likaonekana. Siku hizi risiti inatolewa nakala siku ile ile, nakala inapigwa mhuri na kubandikwa kwenye daftari, na picha inatumwa kwenye kundi la simu la kikundi, ili isiwe siri ya mtu mmoja. Na pesa ya rejesho msimkabidhi mtu yeyote mkononi, hata awe na kitambulisho shingoni. Iende benki, kwenye namba ya malipo mliyopewa.

Ndipo likaja la ziwa kufungwa. Nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaane, na upande wetu uvuvi ukasimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sina ugomvi na kulipumzisha ziwa. Bibi yangu alikuwa akinisimulia wingi wa migebuka ambao mimi sijawahi kuuona. Lakini miezi ile ndiyo ya kiangazi, dagaa anakauka kwa siku moja, na sisi tulikuwa na deni la milioni nne.

Safari hii hatukusubiri barua. Aprili tukaandika sisi, ukurasa mmoja, tukaambatisha nakala za risiti kumi na karatasi ya hesabu: tuna nini, tutapata nini, tunaweza kulipa ngapi. Tuliomba tulipe laki mbili mbili kuanzia Mei hadi Agosti, kisha laki nne nne mpaka deni liishe. Tulikubaliwa. Nadhani tungeomba Julai, tukiwa tumeshashindwa, tungejibiwa vingine.

Na tulijiandaa. Kabla ya tarehe 15 Mei tulikausha na kuweka akiba kilo mia mbili na arobaini, kwenye mifuko iliyofungwa vizuri, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwanza tulikwenda kwa afisa uvuvi tukauliza na kuandikisha mzigo wetu, ili asije mtu akasema tunavua kwa siri. Bei ilipanda kama tulivyotarajia. Tuliuza kidogo kidogo, na laki mbili za kila mwezi zikatoka humo. Wawili kati yetu waliingia kwenye mawese kwa muda, wakinunua ngazi, yaani mikungu ya chikichi, kwa wenye michikichi na kukamua. Mmoja mume wake alimkataza kuendelea na kikundi, akasema anachoka kuona mkewe akishinda kwenye vikao vya deni. Tulimbembeleza mume, hakukubali. Yule dada alilipa sehemu yake mpaka mwisho, akimtuma mtoto. Hakufika kikaoni tena, lakini jina lake kwenye daftari sikulikata.

Septemba ziwa likiwa limefunguliwa, mitumbwi ilirudi imejaa. Tulikuwa na chanja kumi, nane nzima na mbili zimeliwa na mchwa miguuni, na hatukuhitaji kukopa ili kununua. Laki nne kila mwezi zikaenda, moja baada ya nyingine.

Mikopo sasa imerudi kwa kanuni mpya za mwaka 2024. Kwa hiyo msinakili fomu zetu wala kutumia katiba yetu kama ilivyo, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize utaratibu wa kwenu wa sasa, na muulizeni nyinyi wenyewe, msimtume mtu.

Wenzangu wananiuliza kama tutaomba tena. Tumekaa vikao viwili. Mweka hazina anataka tuombe kwa ajili ya mashine ya kufungashia na kutafuta nembo ya ubora, ili dagaa wetu waingie madukani wakiwa na jina. Mama mtu mzima anasema yeye hapana, amechoka. Mimi nimesema tuombe baada ya masika, milioni nne tu, na kikao cha kwanza baada ya pesa kuingia kifanyike bila pesa kuguswa. Jumamosi tunakutana tena. Daftari ninalo mimi.